Kilango cha Turbo Kilichonirudisha Gereji

Wapendwa, mchungaji kanipa dakika chache, na mimi shule niliishia la tatu, kwa hiyo sitazunguka. Mnaonizidi umri, shikamooni.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya Japani yalipoanza kumiminika hapa Arusha, mafundi wengi waliiogopa turbo, ile feni inayosukumia injini hewa. Mimi sikuogopa kitu. Mzee mmoja Kalasinga, mfanyabiashara, akaniletea gari lake akitaka liongezwe nguvu. Nikamtengenezea bomba la moshi pana mpaka nyuma. Tukalipandisha mlima wa Olmotonyi, likapanda kama linashuka! Wiki hiyohiyo akalikanyaga tambarare ya kwenda Moshi. Pistoni ikatoboka.

Ndugu zangu, mji ulicheka. "Mpelekee yule, akutobolee!" Wateja wakakata mguu. Nikafunga gereji, nikarudi shambani. Mke wangu alinivumilia, mpaka siku moja akaniuliza, "Baba watoto, umechoka na magari au umechoka kuchekwa?"

Nilikwenda kwa yule mzee nikisubiri matusi.

"Injini nimeshaweka nyingine," akasema. "Wewe ndiye niliyekuwa sikupati. Niambie, kwa nini ilitoboka?"

"Sijui, mzee."

"Basi tutafute."

Hapo ndipo nilipogeuka, wapendwa. Neno "sijui" lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu.

Tukafunga geji ya kupima presha ya turbo, nikashika usukani, yeye akasoma. Turbo ina kilango: presha ikitosha kinafunguka, moshi wa ziada unapita pembeni. Lakini mshale ulipanda, ukazidi kupanda. "Achia, achia!" akapiga kelele. Tukafungua gereji yangu, tukakikagua kilango. Kizima, kinafunguka mpaka mwisho. Basi nikaelewa. Bomba langu pana liliipa turbo mbio mpya, ila tundu la kilango lilibaki lilelile dogo la kiwandani; moshi wa ziada haukupita wote, presha ikazidi mpaka ikatoboa pistoni.

Nikalipanua kwa tupa, nikakichomelea kilango kifuniko kikubwa cha kulitosha. Tukarudi tambarare ileile. Nikakanyaga. Mshale ukapanda. Ukasimama.

"Kanyaga tena, fundi," mzee akasema.

Fundi! Nililia huku naendesha, sioni aibu kusema.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama watoto wangu yule pale nyuma anayejifanya hasikii, na mzee yule popote alipo. Nawaambia, kilichokushinda kirudie, ukiulize kwa nini. Na kama yupo hapa aliyefunga mlango kwa kuchekwa, kesho asubuhi afungue. Wanaocheka watapita. Na wateja watapita hapohapo.