Miaka Thelathini na Moja ya Bi Hasi na Matriksi za Ukuta wa Bwawa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mchambuzi mwandamizi wa takwimu wa kituo chetu atarudisha kitambulisho chake mapokezi na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwenye faili la utumishi ana jina refu la heshima. Hapa kituoni, kuanzia walinzi wa geti hadi ofisi ya mkurugenzi, anaitwa Bi Hasi, naye huitika.

Aliajiriwa kama karani wa kunakili vipimo. Enzi hizo vihisi arobaini na nane vilivyofungwa kwenye ukuta wa bwawa kupima unavyosogea vilisomwa kwa macho, na namba zake ziliandikwa kwa kalamu kwenye daftari la jalada gumu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wakubwa waliiogopa, wadogo waliigombania, yeye akaomba kitabu cha maelekezo na kwenda nacho nyumbani. Mumewe, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, anasimulia kwamba Jumapili ile hakukupikwa kitu. Jumatatu Bi Hasi alirudi akiwa ameelewa jambo ambalo wengine lilituchukua miaka: kwamba matriksi, yaani jedwali la namba lenye safu mlalo na safu wima, si daftari. Kwenye daftari unaweza kuandika namba hapa, neno pale, na alama ya kuuliza pembeni. Matriksi haikubali. Vyote vilivyomo lazima viwe vya aina moja.

"Matriksi ni shule yenye sare," alikuwa akiwaambia waajiriwa wapya. "Mmoja akija na nguo za nyumbani, hafukuzwi yeye. Wanabadilishwa nguo wote."

Tulilishuhudia hilo. Mwaka mmoja msoma vipimo vya mvua alikuta chombo chake kimefurika hakisomeki, akaamua kuandika neno moja kwenye kisanduku cha siku hiyo: "nyingi". Programu haikumgombeza mtu. Ilizigeuza namba elfu nne za jedwali zima kuwa maandishi, na kwa siku mbili idara ikahangaika kutafuta wastani wa mvua huku kompyuta ikikataa kujumlisha. Bi Hasi alipitisha kidole kwenye skrini, safu kwa safu, mpaka akalikuta neno lenyewe. Alicheka hadi akavua miwani. Tangu hapo mvua kubwa ikinyesha, ofisini huulizana ni milimita ngapi, na jibu ni lile lile: nyingi.

Jina la Bi Hasi nalo lina chanzo chake, ila hicho hakichekeshi.

Miaka kumi na moja iliyopita kompyuta ya idara ilikuwa imechoka. Uchambuzi wa vipimo vya ukuta ulichukua saa nzima kila asubuhi, na mara nyingine ulikwama njiani kwa kukosa nafasi. Mtayarishaji programu wa idara, mtu mzima mwenye watoto wawili na mwenye kujiamini kupita kiasi, akapata ufumbuzi. Badala ya kuhifadhi vipimo kwenye matriksi ya desimali, inayokula nafasi kubwa, alivigeuza kuwa namba kamili ndogo, zile zinazoanzia sifuri na kuishia mia mbili hamsini na tano. Vipimo vyetu, kwa sehemu za mia za milimita, vilienea humo vyote. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika saba. Alipigiwa makofi mkutanoni na kupewa barua ya pongezi. Mtayarishaji programu huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Bi Hasi, aliyekuwa na jukumu la kukagua programu zote, alisaini fomu ya kuidhinisha siku moja kabla ya kwenda likizo. Alikuwa na haraka. Mama mkwe wake alikuwa amelazwa. Aliuliza kama namba zote zimeenea, akajibiwa zimeenea. Jibu lilikuwa la kweli.

Programu mpya ilitumika siku kumi na sita. Mvua ilianza siku ya tano. Kila asubuhi kompyuta ilitoa matriksi ya mabadiliko, kipimo cha leo toa kipimo cha jana kwa kila kihisi, na kila asubuhi mabadiliko yalikuwa madogo, mengi yakiwa sifuri. Mkurugenzi alifurahi. Aliiambia redio kwamba ukuta umetulia tuli, na milango ya bwawa ikabaki imefungwa ili maji yajae ya kututosha kiangazi.

Siku ya kumi na sita, saa nne asubuhi, Bi Hasi alirudi kazini. Hata mkoba hakuutua. Alisimama nyuma ya kiti cha mtayarishaji programu, akaisoma ripoti ya siku kwenye skrini yake, akainama kuisoma tena.

"Hasi zimekwenda wapi?" akauliza.

"Hasi zipi, Mama?"

"Fundi, ukuta wa zege unapumua. Maji yakipanda unasogea mbele, yakishuka unarudi. Vihisi arobaini na nane, siku zote hizi, na hakuna hata kimoja kilichorudi nyuma?"

"Pengine ni kwa sababu maji yanapanda tu, hayajashuka..."

"Kihisi cha kumi na nane. Jana kilisoma mia moja arobaini, leo mia moja ishirini na tano. Fanya hesabu hiyo kwa aina yako hiyo ya namba."

Mtayarishaji programu akaandika: mia moja ishirini na tano toa mia moja arobaini. Kompyuta ikajibu sifuri.

Aina ile ya namba haijui kitu kilicho chini ya sifuri. Ukiitaka itoe kikubwa kwenye kidogo haigombi wala haionyeshi kosa. Inakupa sifuri na kunyamaza. Kila kihisi kilichoshuka, kiwe kimeshuka unywele au kimeshuka sana, kilikuwa kimeandikwa kwamba hakikusogea. Siku kumi na sita tulikuwa tukisoma ripoti isiyoweza kutuambia habari mbaya hata kama ingetaka.

Bi Hasi hakumlaumu mtayarishaji programu wala hakumtazama usoni.

"Rudisha desimali. Fungua mafaili ghafi, anza siku ya kwanza. Taratibu, utakosea herufi."

Kompyuta ilihitaji ile saa yake ya zamani, na zaidi. Saa nane mkurugenzi alikuwa na kikao cha kuamua kama milango ikae imefungwa wiki nyingine. Bi Hasi hakuisubiri mashine. Alichukua karatasi na kuanza kutoa kwa mkono, akianzia mguu wa kushoto wa ukuta, pale unapokanyaga udongo, akisema namba kwa sauti ya chini. Saa sita na robo kompyuta ilimaliza. Walilinganisha. Mkono na mashine vilikubaliana: vihisi vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vikishuka kila siku zaidi kuliko jana yake. Siku nne za mwisho kihisi cha kumi na nane kilikuwa kimeshuka sehemu sita za mia, nane, kumi na moja, kumi na tano. Jumla ya siku kumi ilikuwa imevuka nusu milimita.

Kwa seremala hiyo ni alama ya penseli. Kwa ukuta unaozuia ziwa zima, kanuni zetu zinasema mguu ukishuka nusu milimita ndani ya siku kumi, maji yapunguzwe siku hiyo hiyo.

Mdogo wa mwisho wa Bi Hasi, yeye na binti zake, alikuwa na saluni barabara ya chini, mtaa ulio chini ya bwawa, hatua mia mbili kutoka mtoni. Mtaa ule una daraja moja tu, jembamba. Bi Hasi alitoa simu kwenye mkoba, akaishika kitambo, kisha akailaza kifudifudi juu ya meza na kuiacha pale. Akachukua karatasi yake na kuingia ofisi ya mkurugenzi bila kubisha hodi.

Mkurugenzi alikuwa ameketi na mhandisi wa milango, mtu mkimya ambaye kwa kawaida hutumia maneno kumi kwa wiki.

"Nimeshawatangazia watu kwamba ukuta umetulia," mkurugenzi alisema baada ya kusikiliza. "Sasa unataka nikaseme nini?"

"Ukaseme tumekosea."

"Kwa karatasi hii ya mkono?"

"Ya mkono na ya kompyuta. Mzee, mimi si mhandisi, sijui ukuta unataka nini. Ila kutoa najua. Hii haikuwa sifuri hata siku moja."

"Nikifungua milango, barabara ya chini itaingia maji. Unalijua hilo?"

"Mdogo wangu anaishi kule."

Mhandisi wa milango alinyoosha mkono akaomba karatasi. Aliisoma juu hadi chini, akainuka na kuvaa kofia yake.

"Nikianza maandalizi sasa, nahitaji saa mbili," alisema. "Nikianza jioni, sijui nitahitaji nini."

Mkurugenzi alitia saini saa saba na dakika ishirini. Askari walipelekwa kwanza darajani kupanga njia, ndipo ving'ora vikalia, saa nane. Saa tisa na nusu, mtaa ukiwa mtupu, milango ilifunguliwa. Sisi tuliobaki kituoni tuliusikia mngurumo wake miguuni kabla ya kuusikia masikioni. Bi Hasi alikaa mbele ya skrini, akisoma kihisi cha kumi na nane kila dakika kumi na kukitaja kwa sauti. Kilishuka moja. Kikashuka moja tena. Saa kumi na moja kilisimama. Hakuna aliyeshangilia.

Maji yalifika magotini barabara ya chini. Maduka kumi na moja na saluni moja viliharibika. Watu walipoteza vitu. Hakuna aliyepoteza mtu. Siku ya tatu wapiga mbizi waliteremka na kukuta maji yamekula udongo chini ya mguu wa kushoto, shimo ambalo lori lingeingia na kugeuza. Mhandisi wa milango alipoulizwa tulikuwa tumebakiwa na muda gani, alisema, "Siku mbili," kisha akaongeza, "labda."

Mdogo wake alimuuliza swali moja tu: "Ulijua tangu saa sita?" Alipojibiwa ndiyo, aliondoka, na hawakusemezana miezi mitatu. Mwezi wa nne alikuja mwenyewe kituoni, akataka aonyeshwe hiyo namba. Bi Hasi alimfungulia jedwali na kumwekea kidole kwenye safu ya kumi na nane.

"Ungenipigia, ningewaambia mtaa mzima," mdogo wake alisema. "Na mtaa mzima ungekimbilia darajani kwa mpigo. Najijua."

Siku hiyo walikula pamoja ofisini, kwenye meza ya kompyuta, ambako kula kumekatazwa. Hatukuona kitu.

Wasifu huandikwa kwa nafsi ya tatu, na nimejitahidi kufika hapa. Yanayofuata inabidi niyaseme kwa nafsi yangu, maana wengi wenu mtayasoma kwa mara ya kwanza.

Kamati ya uchunguzi ilitaka jina la mtu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kabla sijaitwa, Bi Hasi aliingia, akaweka fomu ya kuidhinisha mbele ya kamati na kusema: "Saini hii ni yangu. Niliuliza kama namba zimeenea, sikuuliza ni za aina gani na zitafanyiwa nini. Mwandishi wa programu anakosea, ndiyo maana kuna mkaguzi. Andikeni langu." Wakaandika lake. Mwaka ule alikuwa apandishwe kuwa mkuu wa idara. Hakupandishwa, wala hakufikiriwa tena. Miaka sita baadaye cheo kile nilipewa mimi. Miaka mitano sasa amekuwa chini yangu. Mbele za watu ananiita bosi, tukiwa wawili ananiita Fundi, na mimi najua lipi ni jina langu.

Nilipompelekea ile barua yangu ya pongezi nikimwambia siistahili, aliniambia niitunze, ilikuwa imeandikwa kwa karatasi nzuri. Halafu akaniketisha tuandike kanuni ambayo leo imebandikwa kila ofisi yetu: kila matriksi itaje aina yake mstari wa kwanza wa programu, na kila programu ijaribiwe kwa hesabu ambayo jibu lake ni hasi kabla haijagusa kipimo cha kweli. Wachambuzi sitini na wawili wamepita mikononi mwake. Wote huanza na somo hilo, na wote hulikariri wakiwa wamenuna, kwa sababu hapewi chai mtu aliyelikosea.

Tulimpa rasimu ya wasifu huu aupitie. Alirekebisha tarakimu mbili. Alifuta neno "shujaa" mahali patatu. Kwenye aya ya kamati, ambayo nilidhani angeikata, aliandika pembeni kwa penseli: "Hii ibaki. Umechelewa, lakini ibaki."

Imebaki, Mama. Kituo kizima kinakushukuru, na wa barabara ya chini nao, hata wasiokujua. Nenda ukapumzike na mzee wako na mdogo wako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na miaka mingi ya kuamka bila kuulizwa namba na mtu yeyote.