Mama Jovita na Sindano za Mtumbwi

Baada ya miaka ishirini na minane katika zahanati yetu hapa Muleba, Muuguzi Jovita Kokushubila anastaafu leo, tarehe 28 Juni 1996. Amewachoma sindano nusu ya watu wa wilaya hii. Nusu nyingine walimkimbia.

Kazi yake ngumu ilikuja baada ya vita vya mwaka 1979, pale ugonjwa ambao watu waliuita Juliana ulipoanza kuitwa UKIMWI. Tayari alikuwa amezika kaka zake wawili kwa ugonjwa huo. Alibaki na Aroni, kitindamimba wao, na Aroni alikuwa mvuvi kisiwani. Mwaka 1988 alimfuata huko, akakuta makubwa. Wavuvi sita wa mtumbwi mmoja, Aroni akiwemo, walikuwa wakinunua penisilini Bukoba na kuchomana wenyewe kwa bomba moja la sindano. Lilikuwa mali ya mtumbwi, kama nyavu na sufuria, na nahodha Ndalahwa alilitunza kwenye kopo la majani ya chai.

Mama Jovita aligawa mabomba sita, kila moja na uzi wa rangi yake, akafundisha kuyachemsha. Aliporudi mwezi uliofuata, yote yalikuwa ndani ya kopo lile lile. Wavuvi walimshukuru sana kwa kuuongezea mtumbwi vifaa, ila walilalamika kwamba wanagombania lile lenye ncha kali.

Wengine tungelia. Yeye alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaanua chupi zao zote sita, akazichanganya kwenye beseni na kumwambia Ndalahwa avae yoyote. Ndalahwa, aliyezoea kuchangia na wenzake kijiko, blanketi na hata sigara, alikataa katakata.

"Mama, hiyo inagusa mwili wa mtu," alisema.

"Na sindano inaishia wapi?"

Tangu siku hiyo kila mvuvi alichemsha bomba lake na kulificha.

Tatizo ni kwamba kisiwa kizima kikaanza kuiita sindano chupi. Wavuvi walifika zahanati, mbele ya akina mama wa kwaya ya Kilutheri, wakiomba chupi zao zichemshwe. Mwandishi wa wasifu huu, aliyekuwa karani, aliandika kwenye ripoti kama walivyosema: chupi 43, dakika ishirini. Wakubwa wa Bukoba waliuliza kwa barua kama tumeanzisha udobi, kisha wakatuletea katoni ya sabuni. Mama Jovita hakurudisha hata kipande.

Hatusemi aliwaokoa wote. Visiwa vile vilitupa misiba mingi, na bado inatuuma. Lakini Aroni amekaa safu ya pili hapa pamoja na mke wake na watoto watatu. Amekuja na baiskeli kubeba masanduku ya dada yake mpaka nyumbani kwao Kishanda.

Mama Jovita aliwahi kutuambia kwamba haogopi kazi. Anachoogopa ni kustaafu na kurudi kwenye nyumba tupu. Asante kwa yote, mama. Nenda salama, upumzike vizuri. Nyumba ina watu.