Nafasi ya Mvutaji

Benchi la kahawa la Rosa Kiden, pale Koboko karibu na mpaka, ambapo malori ya Juba hupunguza mwendo, lina nafasi nne na sheria moja: mvutaji hukaa mwisho kabisa, upande wa barabara. Sheria hiyo aliianzisha Tombe, mume wake. Siku moja mkewe alikohoa akimimina kahawa, naye akainuka bila kuambiwa, akabeba kikombe na kopo lake la majivu hadi kule mwisho. "Huku upepo inaenda kwa barabara," alisema. Miaka mitatu iliyopita alipanda lori la simenti kwenda Juba, na tangu mwezi wa pili wa safari simu yake haijapatikana. Wateja waliobaki hawavuti. Kiden hulipangusa lile kopo kila asubuhi na kulirudisha mahali pake.

Leo alikuja kijana mgeni, Shafiki, fundi simu kutoka Arua. Aliketi katikati, akaagiza kahawa ya tangawizi, akatoa kitu kama kalamu nene na kukinyonya. Wingu jeupe lenye harufu ya embe likawafunika wote.

— Kijana, mwisho kule! akafoka Alionzi, mwanajeshi mstaafu anayeitwa Afande. Hapa mutu ya moshi hakai katikati.

— Pole, mzee. Lakini hii si moshi. Ni mvuke tu.

— Ni mvuke, Kiden akadakia, upesi kuliko alivyokusudia. Kaa hapo hapo, mwanangu.

Sule, ambaye huitwa Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati miezi miwili, alinusa kikombe chake kwa mashaka.

— Mvuke ya chai inatoka kwa chai. Hii inatoka kwa betri! Ikiingia kwa damu, kesho unachaji simu na kidole.

— Basi nitafunga duka, Shafiki akacheka.

— Usicheke, akasema Afande. Jeshini mutu alikuwa anavuta sigara, adui ananusa toka kilima ya pili. Sasa hii ya embe? Adui atakuja na kisu na sahani!

— Na nyuki ya kule Ludara yote itafuata yeye mpaka Arua, Daktari akaongeza. Hakuna bodaboda atakubali kumubeba.

— Mimi shida yangu ni moja tu, Afande akasema. Sigara iko na adabu yake. Unaomba, unasogea, unageuza uso. Hii imeingia tu ndani ya nyumba, hata hodi haikupiga. Mama Rosa, wewe ndiyo mwenye benchi. Amua. Ni moshi ama si moshi?

Koo la Kiden lilikuwa linawasha. Alimeza mate, akameza tena, macho yake kwenye birika. Akikohoa tu, basi ni moshi. Na ukiwa moshi, kijana atahamia kule mwisho, na jioni watu watakuwa wameshazoea kumwona pale pa Tombe.

— Si mo...

Kikohozi kikamkata neno. Akakohoa mpaka kahawa ikamwagika birikani.

Shafiki alikuwa ameshasimama. Hakuna aliyemwambia. Aliizima kalamu yake, akabeba kikombe, akaenda hadi mwisho wa benchi. Hapo akasita.

— Hii kopo inang'aa sana, akasema. Mwenyewe anakuja saa ngapi? Nisikalie nafasi yake.

Afande alichungulia ndani ya kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Daktari, mwenye jibu la kila kitu, alisindikiza kwa macho lori lililokuwa likipita, hadi likapotea.

Shafiki alibaki amesimama, kikombe mkononi.

Kiden aliweka birika chini. Akaenda kule mwisho, akalichukua kopo, akarudi nalo kwenye kigoda chake na kulipakata.

— Kaa, mwanangu, akasema. Huko upepo inaenda kwa barabara.