Mama Yake Aliona: Maisha ya Papa Janvier Mbarushimana

Mama yake aliona! Ndiyo, wapendwa, tuanze na hiyo, juu ndiyo habari nzuri kupita zote. Mama Mukabalisa aliona kazi ya mutoto wake na macho yake mwenyewe, na Papa Janvier alikuwa angali muzima, amekaa pale pembeni anamuangalia. Asanti Mungu! Sasa mengine tunaweza kueleza pole pole.

Papa Janvier alizaliwa Rutshuru tarehe 3 Januari 1969, mutoto wa kwanza wa marehemu Muzee Twagirimana na Mama Mukabalisa. Kutoka utoto alikuwa anaiga watu. Aliiga pasteri, aliiga muchungaji wa ngombe, ata ngombe yenyewe. Mama yake alimuambia: «Janvier, siku moja utajisahau, utabakia ngombe.»

Masomo ya primaire alifanya Rutshuru, secondaire akamalizia hapa Goma mwaka 1988, kisha akafundisha Kifaransa. Tarehe 10 Agosti 1996 alioa Mama Umugwaneza. Siku ya kuposa, eti aliiga sauti ya baba mukwe mbele ya baba mukwe! Kisha muzee akacheka mupaka akashika ukuta, na mambo ikaisha vizuri.

Mwaka 2008, juu ya vita, familia ilivuka ikaenda Mbarara, Uganda. Katikati ya wiki Papa Janvier alifundisha. Siku ya Mungu alikuwa na kikundi chake cha théâtre, watu wa kucheza maigizo: fundi wa nguo, mutu wa chapati, infirmière mumoja wa hospitali, na wengine. Hakuna ata mumoja aliyesomea hiyo kazi. Kila mutu aliongea luga yake, na sheria ilikuwa moja: mutu anayeangalia mu salle akikujibu, usimame umusikilize. Shida ni kwamba watu wa kule walikaa kimya kabisa, wakapiga makofi mwishoni, wakaenda zao. Hiyo ilimusumbua sana.

Na kilichomuuma zaidi ilikuwa simu ya mama yake.

«Kule unafanyaka nini, Janvier?»

«Ninaongoza watu wa théâtre, mama.»

«Unawaongoza kwenda wapi? Mutu mukubwa, uko na bibi na watoto, unaenda kujifanya mutu mwengine mu inchi ya watu?»

Alieleza miaka na miaka. Mama hakukubali.

Mwaka 2024 ugonjwa ulimushika mu koo, sauti ikapotea. Machi 2025 alirudi Goma, kwa mama yake, mu mutaa wa Katindo. Aliomba kitu kimoja tu, aliandika kwa simu: «Mama aone ata mara moja.» Kikundi kikasema kitakuja. Nani aliamini? Barabara ya Bunagana, ile ya kutoka Uganda, munajua wenyewe namna iko mbaya! Lakini walifika, vumbi mupaka mu meno.

Walicheza mu parcelle, kiwanja cha kanisa, siku ya Mungu tarehe 14 Septemba. Ilikuwa hadisi ya mwanamuke anayepata habari bwana yake amekufa. Kyomugisha, yule infirmière, akapiga magoti, akaanza kulia. Mara Mama Mukabalisa akasimama, akafunga kitenge mu kiuno.

«Huyu mutoto analia peke yake, na siye tumekaa ku viti? Siye ni batu ba namna gani?»

Akaenda akaketi chini, akamukumbatia. Bamama wengine wakamufuata, wakaanza wimbo wa kilio! Kyomugisha akamuangalia Papa Janvier: nifanye nini? Papa Janvier alinyanyua mukono, akaufungua. Waache. Fundi wa nguo, aliyepashwa kuingia kama pasteri, alibakia mu mulango mupaka mama mumoja akamukaripia: «Pasteri, ingia basi, unangoja nini?»

Kisha Mama Mukabalisa alikuja mbele ya mutoto wake.

«Kumbe ni hii ndiyo ulikuwa unafanya?»

Akaitika na kichwa.

«Ni kazi. Ni kazi ya kweli. Lakini ule mutoto hajue kulia, anafunika uso. Kesho umulete nimufundishe.»

Papa Janvier alicheka bila sauti, mabega tu ikitetemeka. Na kesho yake Kyomugisha alienda kweli kufundishwa!

Alituacha siku ya tano, tarehe 19 Septemba 2025, asubui, kisha ya kunywa uji, mukono wake mu mukono wa mama yake. Hakukuwa na kitu kilimubakia mu roho. Tunalia, ndiyo, lakini tunapumua.

Ameacha mama yake Mukabalisa, bibi yake Umugwaneza, watoto Munezero, Célestin na Nishimwe, wajukuu wawili, na kikundi chake cha Mbarara. Mungu amupe pumziko tamu, Papa yetu.

Wewe unayesoma hii, tafazali uitumie na wengine, zaidi wale wa Rutshuru na Mbarara walioshindwa kufika.