Ukurasa wa Mwisho

Katika basi, kiti cha mbele yangu, seremala mzee alimwambia mshonaji asiyemjua kuwa vichekesho vya runinga ni upuuzi. "Vinajicheka vyenyewe, mwanangu." Alikuwa ameshavitaja kumi na kimoja, nilihesabu. "Bora vitabu vya utotoni," akasema mshonaji.

"Usinikumbushe! Cha mdogo wangu niliuchana ukurasa wa mwisho, nikatengenezea tiara ya kurusha. Nikamwambia kilinunuliwa hivyohivyo. Sasa yuko hospitali, ndiko ninakokwenda, madaktari wamenyoosha mikono, naye ananiuliza hadithi iliishaje."

"Si umwambie, mzee wangu?"

"Niliuchana kabla sijausoma."

"Basi mtungie."

"Uongo wa pili?"

Basi likasimama hospitalini. Seremala alikunja magoti kuwapisha wanaoshuka, wakashuka wote, naye akabaki ameketi.