Mkunga Aliyepima Betri

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta. Filimbi imelia, mabehewa yamegongana, waagaji wamerudi nyuma hatua mbili. Mwanamke mmoja wa miaka sitini na saba hakurudi nyuma. Alikuwa anakimbia sambamba na dirisha la behewa la tatu, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki nyuma, huku akigonga bati kwa kiganja.

"Nirudishie hilo dude. Nirudishie, nasema."

Ndani, bintiye alidhani mama anamlilia. Akampungia mkono.

"Usinipungie, lete betri."

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na nne. Alikuwa mkunga. Mkunga kwa miaka thelathini na minne. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye cheti. Aliitwa Mama Mizani, na kisa cha jina hilo ndicho kitakachoturudisha pale stesheni, tujue alikuwa akikimbilia nini.

Mwaka aliostaafu, hospitali ilikuwa inatoa vifaa vyake vikuukuu. Wenzake walichukua viti. Yeye akachukua mizani ya kupimia vichanga, ile yenye sahani ya bati na mshale mwekundu. Akaiweka jikoni, kati ya jiko na dirisha. Tangu hapo hakuna kilichoingia nyumba ile bila kupanda kwenye sahani. Mkate ulipanda. Sukari ilipanda. Sabuni ya mche ilipanda, ikashuka, ikarudi dukani.

"Mama hakuwa anagombana na wenye maduka," anasema bintiye. "Anamtazama mtu, anautazama mshale, anamtazama tena. Watu walikuwa wanaongeza wenyewe."

Alikuwa mtu wa kushuku. Tuseme tu, maana hata yeye alikuwa akisema. Alishuku dawa isiyo na karatasi ndani ya boksi. Alimshuku mtu anayecheka kabla ya kutaja bei. Na aliyemshuku kuliko wote alikuwa mkwe wake, kinyozi, ambaye kosa lake lilikuwa kwamba anacheka muda wote.

"Mwanamume anayeshika wembe shingoni mwa watu kutwa nzima," alikuwa akisema, "kwa nini achekecheke?"

"Mama, nikinuna nani atakaa kwenye kiti?" mkwe anamjibu.

Basi, wasikilizaji wapendwa, ikawa hivi. Jirani wa ghorofa ya chini aliacha pawabenki inachaji chini ya mto, akaenda kuoga. Mnajua pawabenki, hiyo betri ya kubeba mkononi, ya kuipa simu chaji pasipo na umeme. Aliporudi, godoro lilikuwa linatoa moshi mweusi. Alilitupa nje akaungua vidole vitatu. Mama Mizani ndiye aliyemfunga vidole hivyo. Alipomaliza akaomba aonyeshwe kilichobaki. Akakigeuzageuza, akakinusa, akakirudisha.

Wiki mbili baadaye, bintiye, mpima ardhi, akapata kazi ya miezi minane mbali na umeme. Kulala ni kwenye hema la turubai. Simu ni lazima, ramani zote zimo humo. Kwa hiyo pawabenki ni lazima. Na mama akaona kila kitu kwa mpigo mmoja: mto, turubai, moshi, na mwanawe wa pekee amelala.

Mkwe akawahi. Akaja na pawabenki ya bluu, ndogo, ya kuenea kiganjani. Nambari ya uwezo iliyoandikwa mgongoni ilikuwa elfu kumi. Jina la kiwanda lilikuwepo, na risiti, na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja.

Mama Mizani akaipandisha kwenye sahani. Gramu mia mbili.

"Nyepesi," akasema.

"Mama, si boga hilo."

"Nimesema nyepesi. Na karatasi hata mimi naandika. Umeinunua kwa nani, na kwa nini ndogo hivi? Ndivyo unavyompenda?"

Mkwe akacheka. Kosa lilelile.

Kesho yake mama alikwenda sokoni mwenyewe, kwenye meza ya mtu mmoja aliyewaita wateja wote shemeji. Akachagua pawabenki nyeupe, inayong'aa, yenye taa nne. Mgongoni imeandikwa elfu hamsini. Jina la kiwanda hakuna, lakini mkononi ilikuwa nzito, nzito ya kuridhisha. Nyumbani mshale ukaenda hadi gramu mia nne na kumi. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya bluu.

"Hii ndiyo betri," akasema.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana yeye mwenyewe alitaka kisa hiki kisimuliwe pamoja na kile. Akiwa mkunga wa miaka michache tu, alimpokea mtoto wa kilo nne na nusu. Wodi nzima ilimpongeza mzazi. Yeye akamshika mtoto mguu, akabonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akasema, "Huyu hajajaa mwili, amejaa maji." Daktari akaitwa mbio, mtoto akapona. Kwenye kadi za watoto wote aliowapokea aliandika tarehe na uzito. Lakini neno la mwisho, neno "Mzima", hakuliandika mpaka mkono wake umekubali. Mizani inasema uzito, alikuwa akiwafundisha wanafunzi, mkono ndio unaosema hali.

Alijua hilo kwa miaka thelathini na minne. Na siku ile jikoni akalisahau, kwa sababu mshale ulimwambia alichotaka kusikia.

Asubuhi ya safari, bintiye akiwa anavaa viatu, mama alifungua begi. Akatoa ya bluu, akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe. Akaweka nyeupe. Hakumwambia mtu. Alipanga kuipeleka ile ya bluu kwa fundi simu, ipasuliwe, mkwe aumbuke mchana kweupe.

Nyumbani kwao hapakuwa na umeme tangu jana yake. Bintiye alipoikuta nyeupe kwenye begi alidhani mumewe ameibadilisha. Akachomeka simu humohumo njiani. Stesheni akapanda, akafungua dirisha. Mama akanyoosha mkono amrekebishie mkanda wa begi, na mgongo wa mkono wake ukagusa mfuko wa pembeni.

Palikuwa pa moto. Si ule uvuguvugu wa kawaida wa kitu kinachochaji. Ulikuwa moto wa paji la uso la mtoto anayekaribia degedege. Mkono ulijua kabla ya kichwa. Na treni ikaanza kujivuta.

Sasa mnajua alikuwa anakimbilia nini.

Bintiye alielewa neno "betri" sekunde ya mwisho kabisa. Akachomoa waya, akaitupa nyeupe nje. Mama akaidaka kwa upindo wa kanga, akaiweka chini kwenye saruji. Akatumbukiza mkono kwenye mkoba. Akatoa ya bluu, akakimbia hatua nane zaidi kwa mguu mmoja wenye kandambili, akaipachika mkononi mwa mwanawe.

Alipogeuka, mkwe, aliyekuja kumsindikiza mkewe, alikuwa amesimama na ile kandambili nyingine mkononi. Alikuwa ameona kila kitu. Ameona pawabenki yake inatoka kwenye mkoba wa nani.

"Kumbe ilikuwa matembezini," akasema. Mara hii hakucheka.

Mama Mizani akavaa kandambili. "Twende kwa fundi," akasema.

Fundi simu aliisubiri ipoe, akaifungulia nje ya kibanda, juu ya karai la mchanga. Ndani ya lile ganda jeupe mlikuwa na betri moja, tumbo limevimba. Pembeni yake mlikuwa na kifuko cha plastiki kimefungwa vizuri kwa gundi. Fundi akakitoboa. Ukamwagika mchanga mwembamba, mkavu, umechekechwa.

"Mimi niliipima," Mama Mizani akasema.

"Uliipima na nini, mama?"

"Na mizani."

"Najua. Nauliza uliilinganisha na nini? Elfu hamsini ya kweli ina uzito wa kilo moja hivi, kama si zaidi. Ile ya elfu kumi, gramu mia mbili ndiyo saizi yake." Fundi akafuta mikono. "Samahani, mama yangu. Wewe kichanga unampima bila kuuliza umri wake?"

Mama Mizani akajifunga kanga upya. Halafu akachukua kile kifuko cha mchanga, akaenda nacho sokoni.

"Shemeji," yule mtu akasema, "mbona wengine hawajalalamika?"

"Watalalamikaje? Simu zao zimezima."

Tangu siku ile, kwa miaka saba, watu walimpelekea pawabenki zao jikoni. Aliuliza maswali yaleyale. Nani ameitengeneza? Nambari yake ngapi? Uzito unaendana na nambari? Dhamana ipo? Kisha aliichajisha mchana, mezani, juu ya kigae, mbali na nguo, na kuweka mgongo wa mkono. Iliyovimba hakuigusa mara mbili. Alikataa nyingi. Walionuna walikuwa wengi pia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa bintiye, kwa mkwe wake, na kwa wote aliowapokea duniani kwa mikono yake, sisi wa studio hii tunawapa pole, na tunaomba apumzike kwa amani. Nanyi mlioko majumbani, kabla hamjalala, inueni mto mtazame kilichopo chini yake. Kiguseni. Halafu jiulizeni ni nani mnayemshuku kwa sababu anacheka, na ni kitu gani mmekiamini kwa sababu ni kizito.

Muuzaji wa sokoni alihama meza. Siku hizi anauza miwani. Jirani wa ghorofa ya chini vidole vyake vilipona, kimoja hakikunjiki. Fundi bado ana kibanda, na kile kifuko cha mchanga kinaning'inia mlangoni kwake. Bintiye alirudi salama baada ya miezi minane, akamrudishia mama ile pawabenki ya bluu, na sasa anafanya kazi ofisini. Mizani iko kwa kinyozi, anaitumia kuwekea taulo. Mama Mizani hakumwomba mkwe wake radhi hata siku moja. Juzi, wakikunja nguo za marehemu, kinyozi aliikuta pawabenki ya bluu kwenye droo, imefungwa kwenye kadi ya zamani ya hospitali. Kadi imejazwa kwa mwandiko wa mkunga. Tarehe ya siku ile ya treni. Gramu mia mbili. Mzima.