Kapeti Ameshindwa Kuinama

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya cherehani ya Sindano na matairi ya Pancha. Mimi huweka jiko na birika upande wa kivuli, mwanangu mgongoni, na jioni wanaume huja kunywa kahawa na kubishana. Siku hiyo walimngoja Kapeti, mkata nyasi wa uwanja wa gofu, tunayemwita hivyo kwa jinsi anavyozilaza nyasi zake. Kesho yake ilikuwa sherehe ya wafanyakazi wa uwanja, ambapo kila mmoja hupiga mpira mbele ya wakubwa na familia. Mwaka jana Kapeti aliukosa, akaukosa tena, na binti yake akajificha nyuma ya mama yake. Mwaka huu binti huyohuyo ametangazia darasa zima kwamba baba yake anacheza gofu. Basi Kapeti alikuja amevaa suruali mpya, zawadi aliyopewa na Sindano mchana huo. Timazi, fundi mwashi, akampa mwavuli wake aushike kichwa chini. Mimi nikatoa limau likawa mpira.

— Kaa kwanza unywe kahawa, shemeji, nikamwambia.

— Ahsante, shemeji. Nikikaa nitapoa.

Akanywa amesimama. Kisha akaeleza alivyosikia wachezaji wakifundishwa: miguu upana wa mabega, magoti yalegee, mgongo unyooke, mtu ainame kuanzia nyonga, mikono ining'inie yenyewe. Alieleza kama redio. Halafu akasimama wima kama nguzo ya umeme, akavurumisha mwavuli. Ukapita juu ya limau, kuku angeweza kupita katikati.

— Inama, bwana! akafoka Pancha. Mtaka cha mvunguni huinama!

— Nimeinama.

— Umeinamisha macho tu!

Timazi akatoa uzi wake wa kupimia kuta, akauning'iniza kwenye pua ya Kapeti. Uzi ukalalia tumbo.

— Mnaona? Ukuta una mimba. Ukuta wa hivi mimi nabomoa.

— Kabomoe wa kwako, Timazi, akadakia Pancha. Tatizo ni magoti. Magoti ni shokapu za gari. Kapeti, dunda kidogo!

Kapeti akajaribu kudunda. Akashuka nusu ya nusu, akasita, akapanda tena taratibu, jasho likimtoka.

— Shokapu zimekufa, akasema Pancha kwa huzuni. Zote mbili.

Sindano, aliyekuwa akiitazama suruali tu, akatikisa kichwa.

— Nyinyi mnaangalia magoti, hamwoni pasi imesimama mpaka kisigino? Hakuna kitambaa kinachopepea hapo. Hata akikosa, atakosa kwa heshima.

Kapeti akamtazama, akatabasamu.

— Mimi nawaambieni, akaendelea Pancha, wacheza gofu wana mfupa wa ziada kiunoni. Wanazaliwa nao. Ndiyo maana unakuta ukoo mzima unacheza.

— Mfupa wapi! akasema Timazi. Ni mteremko. Kule uwanjani ardhi imelala upande, ukisimama tu umeshainama. Hapa ni tambarare, tunamwonea bure.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, akasema Sindano.

— Maana yake?

— Mwavuli ukienda nyuma, urudi.

— Na samaki mkunje angali mbichi, akaongeza Pancha. Huyu tumemchelewa, keshakauka.

Wakacheka. Kapeti hakucheka.

— Mtoto kaniuliza asubuhi kama nitaupiga, akasema. Nikamwambia utaruka mpaka shingo imuume kuutazama.

Hapo kicheko kikaisha. Pancha akainuka, akasogeza matairi yake ili mwenzake apate nafasi zaidi. Timazi akamwambia aende na mwavuli nyumbani akafanye mazoezi, ingawa wingu la mvua lilikuwa limeshatanda juu yetu. Nami niliona hayo, nikamwongezea kila mmoja kahawa.

Ndipo akafika mama mkwe wangu kumchukua mjukuu wake.

— Shikamoo mama!

— Marahaba, wanangu.

Akanifungua mtoto mgongoni, akamtazama Kapeti, akalitazama benchi lenye nafasi, akauliza:

— Mbona huyu hakai?

Kapeti akageuka kutazama barabara. Sindano akazunguka polepole nyuma yake, akaweka vidole viwili kwenye mshono wa makalio, akavitoa kama aliyegusa pasi ya moto.

— Tangu mchana unajua?

— Ni zawadi, kaka. Ningesemaje?

— Ungesema, "Sindano, suruali inanibana!"

— Mbele za watu?

Sindano akamshika mkono, akamwingiza dukani kwake. Tukasikia mkasi. Kapeti akatoka amevaa suruali pana ya Sindano mwenyewe, amejifunga kiunoni kwa futi ya kupimia nguo, na Sindano akabaki ndani amejifunika kitambaa cha mteja, anapanua mshono.

Kapeti akasimama mbele ya limau. Akainama kuanzia nyonga, mgongo umenyooka, mikono ikaning'inia. Akapiga. Limau likavuka barabara, likavuka paa la kinyozi, hatukuliona tena.

— Shokapu hizo! akapiga kelele Pancha.

— Uzi wangu huo! akajibu Timazi.

— Mshono ni wa nani? Sindano akauliza dirishani.

Kapeti akaja kwenye benchi, akajishusha taratibu, akanyoosha miguu. Akaomba kahawa. Nikainamisha birika, likatoa tone moja.

— Imekwisha, shemeji. Nisamehe.

— Basi nipe hata maji, shemeji. Nataka tu kunywa nimekaa.